Bibi Benz Aenda kwa Mama Yake kwa Motokaa

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 1888, katika mji wa Mannheim, Ujerumani, fundi mmoja jina lake Carl Benz aliamka akaona nyumba yake imenyamaza kuliko desturi. Mkewe hakuwapo. Watoto wake wawili wa kiume hawakuwapo. Palikuwa na barua fupi iliyomwarifu kwamba wamekwenda Pforzheim kumwamkia nyanya. Habari kama hiyo haikuwa ya kumtia mtu wasiwasi, maana shule zilikuwa zimefungwa, na garimoshi lilikuwa likienda huko kila siku. Lakini haukupita muda mrefu Bwana Benz akatambua kwamba katika karakana yake mlikuwa na pengo. Motokaa moja haikuwamo.

Yafaa kueleza motokaa hiyo ilikuwa ya namna gani, kwa sababu mtu wa leo asikiapo neno hilo huwaza kitu chenye paa, milango na magurudumu manne. Ile ya Bwana Benz ilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, mfano wa baisikeli ya mtoto iliyokuzwa hata ikawafaa watu wazima. Usukani wake haukuwa duara, bali mkono mdogo wa chuma uliosimama mbele ya kiti. Injini ilikuwa nyuma, na silinda yake ilikuwa moja tu. Ili kuiamsha, ilimpasa mtu ashike gurudumu kubwa zito lililolazwa chini ya kiti kwa nyuma, alizungushe kwa nguvu za mikono yake, kisha amwombe Mungu. Nguvu ya injini ilipelekwa magurudumuni kwa ukanda wa ngozi na minyororo. Ilipokwenda kwa kasi yake yote katika njia iliyo sawa, ilifika kama maili kumi kwa saa, na farasi mzuri angaliipita bila kutoka jasho.

Mali iliyokuwa imezama katika chombo hicho haikuwa ya Bwana Benz peke yake. Mkewe, Bertha, alizaliwa mwaka 1849 huko huko Pforzheim, binti wa mjenzi mwenye uwezo. Kwa desturi ya watu wale, baba wa binti ndiye atoaye mali wakati wa ndoa, si mume wala jamaa zake. Naye Bertha alipochumbiwa na kijana fundi asiye na kitu, alimwomba baba yake ampe fungu lake mapema, kabla ya arusi, ili mchumba wake aweze kumlipa mshirika mmoja mbaya na kubaki na karakana yake. Hayo yalikuwa mwaka 1871. Wakaoana mwaka uliofuata. Tangu hapo mali ile iliingia katika vyuma, na vyuma vikaitafuna. Zaidi ya mara moja nyumba yao ilikuwa karibu kufilisika. Usiku wa kuamkia mwaka 1880, wakati majirani walipokuwa wakila na kunywa, mume na mke walikuwa karakanani wakijaribu tena injini iliyokataa kwenda kwa siku nyingi. Usiku ule ikakubali.

Basi mwaka 1886 Bwana Benz alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa gari liendalo kwa injini ya gesi. Hati ilikuwa nzuri sana, lakini hati hailiwi. Washirika wake wapya wa biashara walitaka atengeneze injini za kusimama mahali pamoja, zile za kuendeshea viwanda, ambazo wateja walikuwa wakizinunua. Motokaa ilikuwa haina wanunuzi. Watu walikuja kuitazama, wakacheka, wakaenda zao wakapanda magari ya farasi. Mwenyewe naye, kama wavumbuzi wengi, alikuwa mtu wa kusitasita. Kila siku aliona kijipande kingine kilichopaswa kurekebishwa kabla ya kuionyesha kwa watu. Motokaa ilikuwa imekwenda safari fupi fupi mjini na kandokando, kisha ikarudishwa ndani. Mkewe aliona kwamba mambo yakiachwa hivyo, chombo kile kitazeekea karakanani, na fungu lake kutoka kwa baba yake litazeeka pamoja nacho.

Hakugombana na mumewe. Alingoja shule zifungwe, akapatana kwa siri na wanawe wawili, Eugen aliyekuwa na umri wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, na alfajiri moja watatu hao wakatoka. Husimuliwa kwamba waliisukuma motokaa kwanza hadi mbali na nyumba ndipo wakaiamsha, ili ngurumo yake isimwamshe mwenye mali. Mume hakuombwa ruhusa. Wala serikali haikuombwa. Katika siku zizo hizo za Agosti Bwana Benz alikuwa amepewa kibali cha maandishi cha kuendesha motokaa yake katika mji wa Mannheim na vijiji vya karibu. Kibali hicho kilikuwa chake yeye, nako Pforzheim kulikuwa mbali sana na vijiji vya karibu. Kwa njia waliyoshika safari ilikuwa ya kilomita 106 hivi, yaani kama maili 66. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekwenda mwendo kama huo kwa motokaa.

Njia yenyewe ilikuwa ya magari ya farasi, yenye vumbi na makorongo ya magurudumu. Magari hayo yalikuwa na magurudumu ya kulia na ya kushoto tu, na katikati palibaki tuta la mawe na majani ambalo farasi alilikanyaga apendavyo. Mwenye motokaa ya magurudumu matatu na afikirie alipitia wapi gurudumu lake la mbele! Walikwenda hivyo, wakirushwa huku na huku, wakapita Heidelberg, wakashika njia ya kusini, na mpaka hapo furaha ya watoto ilikuwa kubwa. Kisha mafuta yakaanza kupungua.

Katika Ujerumani yote ya mwaka 1888 hapakuwa na mahali pa kununulia mafuta ya motokaa, kwa kuwa hapakuwa na motokaa. Injini ya Bwana Benz ilitumia mafuta mepesi yaitwayo ligroini, nayo yaliuzwa katika maduka ya dawa, katika vichupa, kwa ajili ya kuondolea madoa ya nguo. Walipofika mji mdogo wa Wiesloch, Bibi Benz aliingia katika duka la dawa la Bwana Willi Ockel akataka ligroini. Husimuliwa kwamba mwenye duka alimtazama bibi yule, aliyejaa vumbi na mafuta kutoka kofia hadi viatu, akaona shida yake waziwazi, akamwambia kwa upole kwamba kichupa kimoja chatosha kabisa kusafisha nguo ile. Yule bibi akajibu kwamba anataka yote. Bwana Ockel alikuwa na lita chache tu katika duka zima. Akamuuzia zote, na bila shaka siku ile hakuna mtu mwingine wa Wiesloch aliyeweza kuondoa doa katika koti lake. Mafuta hayo hayakutosha kuwafikisha. Ikawabidi kuingia katika maduka ya dawa mengine mbele ya safari na kuomba vivyo hivyo.

Mafuta yalikuwa shida ya mara chache. Maji yalikuwa shida ya kila saa. Motokaa ile haikuwa na rejeta kama za magari ya sasa. Maji ya kupozea injini yalichemka, yakawa mvuke, yakaruka hewani, nayo hayakurudi. Kila walipoona kisima, kijito au nyumba ya wageni, walisimama, mtu akashuka na ndoo. Hata shimo la maji kando ya njia halikudharauliwa. Mtu aliyewahi kusafiri na ng'ombe wakati wa kiangazi atafahamu mwendo huo: mwenye safari hapangi mahali pa kupumzika, mnyama ndiye apangaye.

Kisha injini ikazima, na sasa ilikuwa na maji na mafuta pia. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba bibi huyu hakuwa abiria tu katika maisha ya mumewe. Miaka yote ile ya usiku karakanani hakukaa akishona. Alitazama, akauliza, akashika. Alifuata njia ya mafuta kwa vidole vyake hata akakuta mahali mrija ulipozibwa na uchafu. Fundi angalitafuta kifaa sandukuni. Yeye alichomoa pini ndefu aliyofungia kofia yake kichwani, akaichomeka katika mrija, akauzibua, na injini ikanguruma tena. Wanawake wa Ulaya siku hizo walivaa kofia kubwa zilizoshikwa na pini ndefu kama sindano ya kushonea magunia, na watu wengi walizicheka. Pini ile haikuchekwa siku hiyo.

Ikazima tena. Safari hii waya wa umeme, ule uletao cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda, ulikuwa umesuguana na chuma hata ngozi yake ikachubuka, na umeme ukatorokea upande. Ilitakiwa kitu cha kuufunga waya usiguse chuma. Wakatafuta. Hapakuwa na utepe, hapakuwa na mpira. Bibi Benz akakumbuka kwamba alikuwa na kitu cha namna hiyo, lakini kilikuwa mahali ambapo bibi mwenye heshima wa mwaka 1888 hakupataja mbele za watu: ukanda wa kushikia soksi mguuni. Ukafunguliwa, ukazungushwa juu ya waya, cheche ikarudi. Habari hii husimuliwa Ujerumani mpaka leo kwa kicheko, na waisimuliao mara nyingi husahau kuuliza aliyamaliza vipi yale maili yaliyobaki na soksi moja inayoteremka.

Katika mji wa Bruchsal mnyororo ulikuwa umenyooka na kulegea kwa kazi, nao ukahitaji mhunzi. Mhunzi yule maisha yake yote alikuwa amepiga viatu vya farasi, matairi ya magari na majembe. Sasa akaletewa mnyororo wa chombo kisicho na farasi, na mwenye kukileta ni mwanamke na watoto wawili, asionekane mwanamume mwenye nacho. Aliutengeneza. Kazi ya chuma ni kazi ya chuma, na mhunzi wa Bruchsal akawa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kutengeneza motokaa iliyoharibikia njiani, pengine bila kujua ni kitu gani alichokuwa ameshika.

Baada ya hapo vikaja vilima. Kusini kule nchi huinuka kuelekea Msitu Mweusi, na motokaa ile ilikuwa na mwendo wa namna mbili tu, mmoja wa polepole na mmoja wa haraka. Hata ule wa polepole haukuwa na nguvu ya kupanda mlima uliosimama. Katika vilima vidogo iliwabidi kushuka na kusukuma. Husimuliwa kwamba Richard, aliyekuwa mwepesi kuliko wote, ndiye aliyeachwa juu ashike usukani, huku mama yake na kaka yake wakisukuma kwa nyuma. Mtu na apige picha hiyo moyoni mwake: mtoto wa miaka 13 ameketi juu kama sultani, ameshika usukani wa motokaa pekee katika wilaya nzima, na mama mwenye kofia isiyo na pini anasukuma katika vumbi. Katika mlima ulio mkali kupita yote, baada ya kijiji cha Wilferdingen, nguvu za wawili hazikutosha, nao wakapata msaada wa vijana wa kijijini. Vijana hao walikuwa wamezoea kusukuma magari yaliyonasa. Gari lenye injini na bado lasukumwa, hilo walikuwa hawajaliona.

Lakini kupanda kulikuwa kazi tu; kuteremka kulikuwa hofu. Breki za motokaa ile zilikuwa vipande vya mbao vilivyokandamizwa juu ya magurudumu, nazo mbao hizo zililika upesi kwa kusuguana. Kila mteremko ulizipunguza, na kila mteremko uliofuata ulikuwa mrefu zaidi machoni pa wasafiri. Hapo hapana pini ya kofia iwezayo kusaidia. Bibi Benz akamwendea fundi wa viatu kijijini, akamwagiza akate vipande vya ngozi na kuvipigilia juu ya mbao zile, kama mtu atiavyo soli mpya katika kiatu kilicholika. Ngozi ikashika vizuri kuliko mti. Jambo hilo lilikuwa dogo, nalo lilifanyika kwa dakika chache na misumari michache, lakini mtu yeyote afungaye breki za motokaa leo hukuta ndani yake kitu cha kusugua kilichovikwa juu ya chuma, na kinapolika hubadilishwa kingine. Mwanzo wake ulikuwa kwa yule mshona viatu.

Giza lilipoanza kuingia waliona taa za Pforzheim. Walikuwa wamechoka, wachafu, na nyuso zao zilikuwa hazitambulikani kwa vumbi. Kitu cha kwanza alichofanya Bibi Benz ni kumpelekea mumewe habari kwa telegrafu kwamba wamefika salama. Katika mji ule aliozaliwa watu walitoka kuitazama motokaa, na hapana shaka wapo waliomkumbuka kama yule binti wa Ringer aliyetia mali ya baba yake katika karakana ya mchumba maskini. Sasa mali ile ilikuwa imesimama mbele yao, ya moto bado, ikinuka mafuta.

Bwana Benz alikuwaje siku nzima kabla ya kupata habari ile, si vigumu kukisia. Yeye ndiye aliyejua kila kiungo cha motokaa ile, na kwa hiyo yeye ndiye aliyeweza kuhesabu mahali pote pa kuvunjikia. Tena mke na watoto ndio waliokuwa juu yake, na chombo kilikuwa mojawapo ya vichache alivyokuwa navyo, wakati alipokuwa akijitayarisha kwa maonyesho makubwa ya mashine mjini Munich. Laiti angaliombwa ruhusa, angalikataa kwa sababu njema kabisa, na kila sababu yake ingalithibitishwa kuwa kweli kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Wasafiri walikaa Pforzheim siku chache, wakarudi Mannheim kwa njia nyingine, na kwa motokaa ile ile. Waliporudi hawakuleta sifa tu. Walileta orodha. Breki za mti hazifai, zivikwe ngozi. Mnyororo ni dhaifu. Na zaidi ya yote, mwendo wa namna mbili hautoshi, lazima uongezwe wa tatu ulio wa nguvu kwa ajili ya kupanda milima. Karakana ilikuwa imeijaribu motokaa kwa miaka mitatu bila kuyaona hayo yote, kwa sababu njia za Mannheim ni tambarare kama sakafu. Bwana Benz akasikiliza. Akaongeza gia ya mlima. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule akaipeleka motokaa Munich, ikazunguka barabarani watu wakiitazama kwa mshangao, na maonyesho yakampa nishani ya dhahabu. Wanunuzi hawakuja mbio siku ya pili yake, la; biashara ilichukua miaka kadhaa kushika moto. Lakini hapakuwa tena na mtu wa kusema kwamba chombo kile ni cha kuzungukia uani.

Bibi Bertha Benz aliishi mpaka mwaka 1944, akafariki siku mbili baada ya kutimiza miaka 95, akiwa amekwisha kuona barabara za nchi yake zikijaa magari. Tangu mwaka 2008 njia aliyopita, kwenda na kurudi, kilomita 194 zote, imewekewa vibao rasmi, na mtu aweza kuifuata toka kibao hadi kibao. Katika mji wa Wiesloch lile duka la dawa husifiwa kuwa ndicho kituo cha kwanza cha mafuta ya motokaa duniani, na mbele yake pamewekwa sanamu ya kukumbuka siku Bwana Ockel alipomaliza dawa yake yote ya madoa kwa mteja mmoja.